Damu Ilikokwenda Nilipoambiwa Nipumzike

Jina langu Somoe, mtu wa Siyu, na kazi yangu ilikuwa mdomo. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Kwetu harusi haialikwi kwa kadi. Anayeoza binti humtafuta mwanamke anayezijua nyumba zote, naye huenda mlango kwa mlango, hupiga hodi, hukaa, hunywa kahawa, humtaja aliyemtuma, humtaja bibi harusi na mama yake na nyanya yake, ndipo ataje siku. Nyumba isiyoalikwa kwa mdomo haiji, na haisahau. Mimi nilizunguka Siyu yote nikafika hadi Pate bila kukosea hata jina la mtoto wa kunyonya. Alasiri nilisomesha wasichana Kurani uani kwangu. Watu walinitania kwamba siku nitakayokufa watanizika mimi kwanza, ulimi wangu wausubiri mpaka utulie. Nami nilicheka nao.

Mume wangu, Baba Fatma, ni kinyume changu. Yeye hushona kofia za mkono, zile zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Anaweza kukaa tangu alfajiri mpaka adhuhuri asitoe neno ila kuitikia salamu. Tumeishi hivyo tangu ujana, mimi nasema na yeye anashona, na kila mmoja akiridhika na fungu lake.

Ugonjwa ulianza kwa kichwa cha asubuhi. Nilikuwa naamka kinauma upande wa kushoto, natapika kidogo, kisha jua likipanda kinapoa. Nilimeza vidonge vya dukani nikasema ni uzee unabisha hodi. Baadaye vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, na pembe ya mdomo ikawa inavutika yenyewe, kama mtu ananichokoza kwa uzi. Nikasema ni upepo.

Siku ambayo ingefaa kunitisha ni ile niliyokwenda kualika harusi ya mjukuu wa Bi. Mwanahawa, jirani yetu. Nilikaa, nikanywa kahawa yangu, nikasema kwa sauti yangu ile ile ya kualikia, "Bi. Mwanahawa awaita hitimani, siku ya Ijumaa." Mwenye nyumba akaweka kikombe chini. Akaniuliza nani aliyekufa. Nikamtazama nisielewe swali lake, kwa sababu masikioni mwangu mimi nilikuwa nimesema harusi. Nikarudia, na yeye akaanza kulia. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika, nikidhani nimefanyiwa mzaha.

Baada ya hapo mambo yakachanganyika. Nikiomba chumvi naletewa fagio, nikigomba naambiwa nimeomba fagio. Sikujua kama nakosea mimi au wanakosea wao. Hilo ndilo ningependa mlielewe enyi mnaouguza: mgonjwa wa namna hii hasikii kosa lake. Mimi niliona dunia nzima imeharibika masikio.

Kisha nikaanguka jikoni. Sikumbuki. Niliambiwa mwili ulitetemeka, nikauma ulimi, nikajikojolea, na mkono ukaingia kwenye majivu, bahati yalikuwa yamepoa. Wakubwa wa nyumba wakasema ni shetani ameniingia. Mwalimu wetu akaniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa nikanywa. Nikashonewa na hirizi ya ngozi yenye kipete cha fedha, nikaivaa shingoni. Sina neno baya la kusema juu ya hayo. Yalinituliza moyo, na moyo nao ni kiungo.

Fatma, mwanangu, anasomesha Mombasa. Alinipigia simu akanisikiliza kidogo. Akasema, "Mama, umeniita sufuria." Nikamwambia sikumwita sufuria. Akasema, "Umeniita tena." Kesho yake alikuwa njiani kuja kunichukua.

Mombasa walinipiga picha ya kichwa. Daktari akatuonyesha uvimbe, mweupe, umekaa upande wa kushoto juu ya sikio. Akasema si shetani, lakini si mgeni wa heri pia. Akanipa dawa ya kuzuia kifafa, nimeze kila siku bila kukosa, akatuandikia twende Nairobi kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Tulikwenda watatu. Baba Fatma alichukua kofia aliyokuwa akiishona, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na sindano zake.

Daktari wa Nairobi alikuwa mtu mpole, mwenye mikono safi mno. Alituambia uvimbe unatoka, na ukitolewa nina matumaini ya kuishi. Tatizo ni mahali ulipo. Watu wengi maneno yao hukaa upande huo huo, lakini si wote mahali pamoja, na uvimbe huweza kuyasukuma. Akasema, "Mama, nikikata bila kujua maneno yako yako wapi, naweza kukuokoa ukabaki huwezi kuongea. Au unaongea na hakuna anayekuelewa." Nilishika ukingo wa meza. Kufa nilikuwa nimeshakufikiria. Kuishi bila ulimi sikuwahi kukufikiria kabisa.

Akasema kuna mashine itakayotuonyesha. Alieleza kwa Kiswahili cha bara kilichochanganyika Kiingereza, na mimi na kichwa changu kile nikabaki nimekodoa macho. Damu, mishipa, kutanuka, kupungua. Fatma akamwomba ruhusa, akanigeukia.

"Mama, siku ya harusi, ukitaka kujua pilau inapikwa nyumba gani, si utaangalia madumu ya maji yanapelekwa wapi?"

Nikasema ndiyo.

"Basi na ubongo ni hivyo hivyo. Pale panapofanya kazi huitisha damu, na mishipa midogo ya hapo hupanuka. Mashine huangalia damu imeongezeka wapi. Watakuambia ufikirie maneno, halafu upumzike, ufikirie, upumzike. Pale damu inapopanda na kushuka kwa kufuata maneno, ndipo jikoni kwako."

Hilo nililielewa. Nilifurahi hata nikasahau kuogopa.

Siku ya mashine nilivuliwa kila kilicho na chuma. Pete, hereni, pini za mtandio. Kisha dada aliyekuwa akiongoza mashine, kijana aitwaye Wambui, akaiona hirizi na kile kipete chake. Akasema pole, nayo haiwezi kuingia, sumaku ile ina nguvu. Nikaivua nikampa Fatma. Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele za watu.

Walinidunga mshipani dawa ya kuifanya damu ionekane kwenye picha ya kwanza, ya kuutazama uvimbe. Mkono ukawa baridi mpaka begani na mdomo ukawa na ladha ya sarafu. Wakanilaza, wakanifunga kichwa kwa mito kisicheze, wakanisukuma ndani. Ni bomba jembamba. Pua yangu na dari vilikaribiana, na sauti yake ni kugonga na kunguruma, kugonga na kunguruma, mafundi wa bati wamekupanda kichwani. Nilijiambia, Somoe, hivi ndivyo kaburi lilivyo, ila hapa kuna taa.

Juu ya macho kulikuwa na kioo kidogo, na ndani ya kioo nikaona picha. Kisu. Nifikirie kazi yake, bila kutoa sauti: kata. Ufagio: fagia. Kulikuwa na kitu kama sanduku chenye midomo miwili ambacho hata leo sijui ni cha nini, nikafikiria "funga mlango" nikaendelea. Kisha picha zikaondoka, sauti ya Wambui ikasema nipumzike, na mbele ya macho yangu, katikati ya weusi, pakatokea msalaba mweupe.

Mwanzo nilidhani nimeona vibaya. Picha zikarudi, nikafikiria. Nikaambiwa nipumzike, na msalaba ukarudi. Nikasema, kumbe. Hirizi yangu imeshavuliwa, nimefungwa kichwa, niko ndani ya kaburi, na sasa wananiletea msalaba juu ya uso wangu. Sikuwa na chuki na mtu. Nina rafiki zangu Wakristo Mokowe, ng'ambo ya bara, na tunaazimana vyombo vya harusi. Lakini ndani ya lile bomba akili yangu haikuwa ya kutulia na kupima. Nilifanya anachofanya kila mtu wa kwetu akihofu. Nikaanza Ayatul Kursi, kimoyomoyo, kwa tajwidi yote, herufi kwa herufi. Msalaba ukitokea nasoma, ukiondoka nafikiria visu na mafagio. Nilitoka nimelowa jasho, nikajiona nimeshinda vita.

Siku iliyofuata tuliitwa. Daktari alikuwa na picha za kichwa changu kwenye kompyuta, na uso wake haukuwa wa jana. Alisema amezitazama, akazirudia, akamwita mwenzake wakazitazama pamoja. Kompyuta huchukua picha za kupumzika ikazitoa kwenye picha za kufikiria, na kinachobaki ndicho mahali pa maneno. Kwangu mimi hakikubaki kitu cha kuaminika. "Sijui niseme vipi, mama," akasema. "Ubongo wako unafanya kazi zaidi ukiambiwa upumzike."

Nilimtazama Fatma, Fatma akamtazama babake, babake akatazama kofia yake. Hakuna aliyeelewa. Daktari hakuelewa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa kuwa nilikuwa nimemwachia yeye kazi ya kuelewa. Akasema labda uvimbe umeharibu njia za damu. Labda maneno yamehamia pande zote. Anaweza kupasua hivyo hivyo, kwa kukisia, lakini hawezi kuniahidi ulimi. Nikamwambia, nikitafuta kila neno, kwamba nataka kurudi kwetu. Nife nikinena. Fatma akaanza kulia pale pale, na mimi nikachukia kuona analia mbele ya watu.

Wambui alikuwa amesimama kando ya mlango na karatasi zake. Akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Mama, nikuulize bila ubaya. Ile wakati nilisema upumzike, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nikisoma Ayatul Kursi."

"Kwa sauti?"

"Kwa moyo. Kila mulipotia msalaba."

"Msalaba gani, mama?"

Nikamwonyesha kwa vidole viwili. Akafunika uso kwa zile karatasi, mabega yakawa yanatikisika. Akaomba radhi huku machozi ya kicheko yakimtoka. Ile, akasema, ni alama ya kujumlisha tu, ya hesabu, imewekwa ili macho yapate pa kushika yasitangetange. Amewapima watu wengi kwa alama hiyo, hakuna aliyewahi kumwambia kitu. Daktari naye akaketi chini kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Akasema kwa upole kwamba basi siku ile mimi sikupumzika hata kidogo: nilikuwa nikiacha maneno mepesi na kwenda kwenye maneno mazito niliyoyahifadhi tangu utotoni, na damu ikanifuata huko.

Nilifurahi, na nilitahayari, na sikujua nishike lipi. Kwa mfano ule wa Fatma, nilikuwa nimepika pilau nyumba zote mbili, kisha nikawataka watu wajue harusi iko nyumba gani.

Wakasema watarudia. Safari hii wataweka nukta badala ya ile alama. Lakini wakanitaka kitu kimoja: nikiiona nukta, nisisome chochote. Nisihesabu, nisiombe, nisiseme neno moyoni. Mtu asiyejua ataona ni jambo jepesi. Mimi moyo wangu haujawahi kunyamaza tangu nizaliwe, hata usingizini huambiwa ninanena. Na zaidi ya hilo nilihofu. Tulikaa kwenye chumba tulichopanga, Fatma ametoka kununua chakula, nikamwambia Baba Fatma yaliyonikaa.

"Nilale mle kama kaburini, nisimtaje Mola?"

Hakuinua macho. Alikuwa akizungushia uzi kitundu kimoja.

"Mola huwasikia walonyamaa," akasema. "Mimi hunisikia miaka yote."

Kisha akanisogezea ile kofia, akanionyesha kwa ncha ya sindano. "Mimi nikitoboa, sina neno kitwani. Natizama tundu. Nawe tizama tundu."

Tumeoana miaka yote hiyo, nami nilikuwa nikidhani anapokaa kimya ananiwazia ubaya. Kumbe hawazi kitu. Nililia, sijui kwa nini hasa. Nikaomba nifundishwe. Tukakaa hapo, yeye akitia sindano na mimi nikitazama kitundu, na kila neno likija naliacha lipite. Mwanzoni yalikuja makundi kwa makundi. Fatma alirudi akatukuta wote wawili tumeinamia kofia, akadhani kuna aliyezimia.

Mara ya pili ndani ya bomba niliomba dua yangu yote kabla ya kulala. Nikasema, Ya Rabbi, nitakayoyanyamazia unayajua. Mashine ikagonga. Visu, mafagio, lile sanduku la midomo miwili. Kisha nukta. Nikaitazama kama tundu la kofia. Hofu ilikuja ikanikaa kifuani, nikaitazama nukta. Ulimi wa moyo ukataka kuanza, nikaitazama nukta. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu.

Picha zilitoka. Daktari alinionyesha doa la rangi ya machungwa upande wa kushoto, na pembeni yake uvimbe, na kati yao nafasi ya upana wa kidole. "Hapa ndipo unapoongelea," akasema. Mimi nililitazama lile doa nikachanganyikiwa. Dogo vile. Harusi zote za Siyu, na ugomvi wangu wote, na sura zote nilizosomesha, zilipita hapo. Daktari akasema maneno hutoka sehemu nyingi zaidi ya hapo, lile ni la kumwongoza yeye asipite. Hadi leo jambo hili sijalielewa vizuri, na ninasema wazi kwamba sijalielewa.

Walinipasua. Niliamka nimenyolewa nusu ya kichwa, jicho la kushoto limevimba likafumba, ngozi imebanwa kwa pini za chuma kutoka sikioni hadi utosini. Koo lilikuwa kavu. Nilitaka maji. Nilijua ninachotaka, nilikiona kwenye gilasi, na neno lake halikuwepo. Nilifungua mdomo ikatoka sauti tu. Fatma akageuza uso ukutani. Nikafikiri, basi, wamekata palipokatazwa, nami nimebaki na uhai usio na ulimi.

Kwa hofu ile nikaanza Alhamdu. Ikatoka. Yote, mpaka amin, kwa sauti, bila kukwama. Kisha nikataka tena kusema maji, nisiweze. Muuguzi alimwita daktari, na daktari akatabasamu. Alisema ubongo umevimba kwa kuguswa, utapoa, na yaliyohifadhiwa kwa moyo mara nyingi hutangulia kurudi kuliko maneno ya kutafuta. Sikumwamini. Lakini baada ya siku kadhaa Baba Fatma aliniletea gilasi ya maji nami nikalitaja kwa lugha ya kwetu, "Mai." Akanywa yeye kwanza kwa kuduwaa, ndipo akanipa.

Maneno yalirudi kidogo kidogo, na si yote. Kulikuwa na dada wa kunifundisha kutaja vitu. Siku moja aliniuliza mume wangu anaitwa nani. Nikanyamaza. Akaandika. Fatma akaingilia kunitetea, akamweleza kwamba kwetu mke wa heshima hamtaji mumewe kwa jina, humwita kwa mtoto. Yule dada akaomba radhi akafuta. Ukweli nilikuwa nao mimi peke yangu: jina lilikuwa limepotea. Nilikuwa nikilisikia likiitwa pale hospitali, nikajua ni lake, kisha nikilitafuta halipo. Nami sikuwa na namna ya kuuliza. Utamwulizaje mwanao jina la babake?

Sasa ninamshukuru Mwenyezi Mungu aliyenivusha, kisha wale aliowatuma. Uvimbe ulichunguzwa, haukuwa wa aina mbaya, ingawa kipande kidogo kimeachwa karibu na lile doa na kila baada ya muda mimi hurudi kupigwa picha. Dawa ya kifafa ninameza. Kualika harusi siendi peke yangu tena, nina binti mmoja ninayemfundisha, nikikwama ananimalizia. Nanyi mlio na kichwa cha kila asubuhi, au mkono unaokufa ganzi, au maneno yanayobadilika mdomoni, msikae mkingoja kama mimi. Someni dua zenu, mvae hirizi zenu, na mwende hospitali mapema. Na mkiwa huko mwambieni daktari kila kitu, hata kilicho moyoni, hata cha aibu. Mkiona kitu hamkielewi, ulizeni kabla hamjakipiga vita. Mimi ningeuliza kuhusu ule msalaba, wasingehangaika vile.

Jambo la mwisho halikuwa hospitali. Lilikuwa nyumbani Siyu, alasiri, ninachagua mchele na yeye anashona. Sikuwa nikitafuta kitu. Nilikuwa nautazama mchele tu, kichwani hakuna neno, na jina likaja lenyewe. Niliogopa litaondoka tena, heshima nikaiweka kando, nikalisema kwa sauti, mara ya kwanza tangu anioe.

"Bwanaheri."

Sindano ikasimama. Macho yakamjaa machozi, nikajua kumbe wakati wote alikuwa akijua kwamba lilinipotea. Kisha akaniitikia kwa adabu, kama mtoto aitikavyo mkubwa wake.

"Labeka."